Springi Zilizolala: Nini Hasa Kimechakaa Chini ya Gari la Kale la Kimarekani

Mustang ya mwaka 1967 ikipita Nyali, Mombasa, huku mkia umelala na tairi za nyuma zimemezwa na madigadi, kila aliyesimama kando ya barabara ana dawa yake. Huyu atasema shoki zimekufa. Yule atashauri liongezwe bamba la springi ya pikapu. Mwingine, aliyezoea kuona magari yakishushwa kwa urembo, atataka mbele pakatwe koili moja ili pande zote zilingane. Maneno haya yanachanganya vitu vitatu tofauti, na mkanganyiko huo una gharama. Vipuri vya magari haya huagizwa Marekani, na springi ni chuma kizito ambacho usafiri wake hulipiwa kwa kilo. Anayeagiza kitu ambacho hakikuwa na kosa hulipa mara mbili, na gari bado limelala.

Tunazungumzia yale magari ya misuli ya Kimarekani ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970: milango miwili, injini kubwa ya V8, boneti ndefu. Lakini mengi yatakayoelezwa hapa yanalifaa hata Peugeot 504 ya babu au pikapu yoyote yenye springi za mabamba nyuma.

Anayebeba na anayetuliza

Springi hubeba uzito. Ndiyo inayoamua gari lisimame juu kiasi gani, na ndiyo inayojikunja tairi linapopanda tuta. Ziko za aina kuu mbili: koili, yaani waya mnene wa chuma uliozungushwa, na springi za mabamba, yaani vipande bapa vya chuma vilivyopinda vikapangwa kimoja juu ya kingine, kirefu kikiwa juu.

Shokabzoba, au shoki kama gereji zetu zinavyoiita, haibebi gari. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye vitundu vyembamba, na ugumu wa mafuta kupita ndio unaozima mtikiso baada ya springi kujikunja. Ukizing'oa shoki zote nne za kawaida, gari litabaki kwenye urefu uleule. Hata zile za gesi huinua milimita chache tu. Tofauti utaiona ukiliendesha, maana litadunda kila shimo na halitatulia.

Cha tatu ni bushi, yale mapande ya mpira yaliyo kwenye maungio ya springi na mikono ya gari, yaani vyuma vinavyounganisha gurudumu na bodi na kuliruhusu lipande na kushuka. Kazi yake ni kuruhusu chuma kizunguke kidogo bila kugongana na chuma kingine. Bushi ikifa, utasikia mlio wa "kro, kro" kila unapopita matuta ya Bamburi, na watu watakuambia ni springi.

Kutambua kosa liko wapi si kazi kubwa. Bonyeza kona moja ya gari kwa uzito wako wote, uachie. Likipanda, likashuka kidogo na kutulia, shoki ni nzima. Likiendelea kupanda na kushuka mara mbili au tatu, shoki imekwisha. Jaribio hilo halikuambii lolote kuhusu springi. Springi haijaribiwi kwa kubonyezwa, hupimwa kwa futi.

Springi haiwi laini, huwa fupi

Hapa ndipo watu wengi hupotea, hata mafundi wazuri. Husemwa kwamba springi ya miaka 50 "imelegea" na kuwa laini. Ukweli ni kwamba ugumu wa koili hutokana na mambo manne: unene wa waya, upana wa duara lake, idadi ya mizunguko inayofanya kazi, na aina ya chuma. Hakuna hata moja kati ya hayo linalobadilika kwa sababu ya umri peke yake. Kinachopungua ni urefu. Baada ya kubebeshwa mzigo kwa miongo, kukunjwa mara mamilioni na kugongwa mashimo, chuma hupinda kiasi kidogo ambacho hakirudi tena.

Kitanda cha kamba huonyesha jambo hili vizuri. Kamba zikishatumika sana hurefuka, kitanda kikabonyea katikati, na anayelala hujikuta karibu na sakafu. Kamba zenyewe hazijageuka kuwa mpira. Zimehama mahali zilipoanzia. Springi iliyolala nayo bado inahitaji nguvu ileile kuikunja milimita 1, ila inaanza safari yake ikiwa chini.

Mbona basi gari huonekana kama limeharibika mwendo? Kwa sababu nafasi imekwisha. Kati ya ekseli na chasisi kuna mpira wa kuzuia chuma kisigonge chuma. Gari likilala kwa sentimita 4, springi hubakiwa na sentimita chache tu za kujikunja kabla ekseli haijafika kwenye mpira huo. Kila tuta basi huishia kwa kishindo. Dereva huhisi ugumu, abiria husema gari ni laini sana ndiyo maana linagonga, na wote wawili wanaeleza kitu kimoja. Shoki nazo hufanya kazi mwisho wa safari yake badala ya katikati, zikafa mapema. Anayevuka Likoni anajua dalili nyingine: maji yakikupwa na mteremko wa kivuko kuwa mkali, ekzosi hukwaruza bamba la feri.

Kuna hali moja ambayo springi hudhoofika kweli, nayo ni kutu. Upepo wa bahari hapa kwetu, uwe kaskazi au kusi, hubeba chumvi inayotua kila mahali chini ya gari. Ugumu wa koili hufuata unene wa waya kwa kipeo cha nne, kwa hiyo waya ukiliwa kwa asilimia 5 tu, karibu asilimia 19 ya ugumu imekwenda. Baya zaidi ni vishimo. Kutu haili chuma kwa usawa. Huchimba vitundu, na kila kitundu ni mahali pa ufa kuanzia. Koili nyingi hukatikia mzunguko wa chini kabisa, pale zinapokaa kwenye kiti chake, kwa sababu mchanga na maji ya chumvi hujikusanya hapo. Ukiona magamba ya kutu yanabanduka kwa bisibisi, springi hiyo ni ya kutupwa hata kama urefu wake bado uko sawa.

Jua gari lako limebebwa na nini

Usiagize "springi nne za gari la misuli," maana hakuna kitu kama hicho. Ford Mustang ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa Aprili 1964, ina koili mbele na mabamba nyuma. Koili yake haikai chini kama kwenye magari mengi; inakaa juu ya mkono wa juu, ndani ya mnara wa bati uliojitokeza kando ya injini, na shoki imepita katikati yake. Chevrolet Camaro ya 1967 ina koili mbele pia, lakini imebanwa kati ya mkono wa chini na fremu, na nyuma ina springi ya bamba moja tu kila upande. Atakayekuja na mabamba manne akidhani mengine yamepotea amekosea gari. Chevrolet Chevelle na Pontiac GTO zina koili pembe zote nne.

Dodge Charger na Challenger pamoja na Plymouth Barracuda za enzi hiyo hazina koili kabisa. Mbele zina fimbo ndefu ya chuma inayolala kuelekea nyuma ya gari. Mkono wa chini unapopanda, fimbo husokoteka, na msokoto huo ndio springi. Upande wa mkono kuna bolti ya kurekebisha urefu. Kwa hiyo Charger iliyolala mbele huenda haihitaji kipuri chochote: inua gari tairi zining'inie ili mzigo utoke, zungusha bolti nusu raundi, lishushe, litikise, pima, rudia. Wengi wametafuta springi ngumu za Charger kumbe dawa ilikuwa spana moja.

Pima kabla ya kununua

Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa. Uwanja wa mchanga haufai. Jaza upepo wa tairi sawasawa, toa mizigo kwenye buti, na uwe na mafuta nusu tangi, kwa sababu tangi la Mustang la lita 60 lililojaa huongeza takriban kilo 45 nyuma kabisa ya gari. Lisukume mbele na nyuma mita kadhaa, ulitikise kila kona, ndipo upime.

Usipime kutoka chini hadi kwenye ukingo wa madigadi, maana hapo unapima na tairi pia. Pima kutoka katikati ya kikombe cha rimu hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake moja kwa moja. Andika namba nne. Mbele kushoto na kulia zikitofautiana kwa milimita 5 au 10 usihangaike. Magari haya yalitoka kiwandani hivyo. Tofauti ikizidi milimita 20, kuna jambo.

Jambo hilo huenda lisiwe springi. Mustang haina fremu inayojitegemea; bodi ndiyo fremu. Jicho la mbele la springi ya nyuma, yaani tundu la bolti kwenye ncha yake, limeshikwa kwenye boksi la bati chini ya sakafu, na katika gari lililoishi pwani, boksi hilo huoza kutoka ndani. Springi mpya ikifungwa kwenye bati lililooza hulisukuma hadi sakafuni. Piga kila mahali pa maungio kwa nyundo ndogo. Mlio mkavu ni chuma kizima. Mlio uliokufa, au magamba yanayodondoka, ni kazi ya kuchomelea kabla ya kazi ya springi. Mbele nako, angalia mnara wa koili kama una nyufa kwenye kona zake. Kona moja ya gari inaweza kulala kwa sababu mnara umefunguka huku koili ikiwa haina kosa lolote.

Kwenye koili za Mustang kumbuka pia hesabu ya mkono. Koili inakaa karibu katikati ya mkono wa juu, kwa hiyo ikipungua sentimita 1, gari hushuka karibu sentimita 2. Ndiyo maana koili ya zamani ukiilinganisha na mpya juu ya meza utaona tofauti ndogo, ukajiuliza kama pesa zimeliwa. Hazijaliwa.

Dawa za mtaani

Kukata koili ndiyo dawa maarufu zaidi, na ina ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi. Koili yenye mizunguko 8 inayofanya kazi ikikatwa mmoja hubaki na 7, na huwa ngumu zaidi kwa asilimia 14 hivi huku gari likishuka. Kwa anayetaka gari la chini, koili nzima, na anayekata kwa diski huku akiipoza kwa maji, si dhambi. Lakini kukata mbele ili kulingana na nyuma iliyolala ni kuliharibu gari mara mbili, na kilichokatwa hakirudi. Koili ambayo ncha yake imebapishwa ili ikae kwenye kiti haifai kukatwa upande huo hata kidogo, maana itakaa upande na kuruka nje.

Kuichoma koili kwa gesi ili ilale ni jambo jingine kabisa, na hapo sina huruma. Chuma cha springi kimepata nguvu yake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu kiwandani. Moto wa gesi huifuta nguvu hiyo mahali pale ulipogusa. Koili hiyo italala, iendelee kulala, kisha ikatike. Vivyo hivyo kwa kuchomelea bamba lililovunjika: pembeni mwa uzi wa weldingi ndipo litakapovunjika tena.

Mipira inayosokomezwa kati ya mizunguko ya koili, ambayo utaiona kwenye Probox nyingi za biashara, hupunguza mizunguko inayofanya kazi. Gari huinuka, ndiyo, lakini mizunguko iliyobaki hubeba kazi ya wenzake, na maji ya chumvi hukaa chini ya mpira siku zote.

Kuongeza bamba la pikapu kunahitaji kipimo kabla ya shauri. Springi ya Mustang ina upana wa inchi 2.5, yaani milimita 63.5. Bamba la Hilux lina milimita 60. Likiwekwa ndani litacheza kando, litakula wenzake, na yubolti (bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) hazitalibana sawa. Afadhali kuwapelekea mafundi wa springi za malori, Changamwe au Miritini, mabamba yenyewe wayakunje upya, mradi hayana vishimo vya kutu na mradi wayakunje yakiwa baridi. Kazi hiyo ikifanywa vizuri hudumu, ingawa haitafikia springi mpya.

Shoki za kujazwa upepo nazo huinua gari kweli. Tatizo ni kwamba mzigo unahama kutoka kwenye springi na kukaa kwenye bolti za shoki, ambazo zilitengenezwa kwa ajili ya kuzuia mtikiso tu. Bati la pale juu ya shoki hupasuka.

Kuzibadilisha za nyuma

Springi hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Agiza pia bushi za macho, seti ya shako (vile vibamba viwili vinavyoning'iniza ncha ya nyuma), yubolti 4 mpya na nati zake, na bolti mbili za macho ya mbele. Usirudishe yubolti za zamani. Zimeshavutika, na nyuzi zake zimeliwa.

Tafuta spana za inchi. Kichwa cha 9/16 ni milimita 14.29: spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza na kukivimbisha. Cha 3/4 ni milimita 19.05, kwa hiyo ya 19 hukaa vizuri. Siku mbili au tatu kabla ya kazi, nyunyizia nati zote mafuta ya kulegeza kutu, asubuhi na jioni.

Zuia tairi za mbele kwa magogo. Legeza nati za tairi za nyuma likiwa bado chini. Inua kwa jeki chini ya difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma), kisha simamisha stendi mbili chini ya reli za bodi, mbele kidogo ya macho ya mbele ya springi. Kama uwanja ni wa mchanga, na nyua nyingi za Kisauni na Mtwapa ni mchanga mtupu, weka chini ya kila stendi ubao mpana wenye unene wa sentimita 5. Lisukume gari kwa bega kabla hujaingia chini. Likitikisika kwenye stendi, panga upya.

Shusha jeki taratibu hadi springi zipoteze mzigo, lakini jeki ibaki imeshika ekseli. Hapa angalia mpira wa breki unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye ekseli: usiache ekseli ining'inie nao. Fungua shoki kwa chini, kisha yubolti na bamba lake la chini, kisha shako za nyuma, na mwisho bolti ya jicho la mbele.

Bolti hiyo ya mbele ndiyo itakayokula siku yako. Ndani ya bushi kuna bomba jembamba la chuma, na baada ya miaka ya chumvi, bolti na bomba huwa kitu kimoja. Ukizungusha, bolti huzunguka na mpira wake bila kutoka. Usilete moto wa gesi. Mpira utawaka, na tangi la mafuta liko hatua chache nyuma. Kata bolti kwa msumeno wa chuma pande zote mbili, kati ya bushi na bati. Ni kazi ya jasho, ila ni salama.

Wakati wa kufunga mpya, tazama bolti ya katikati inayoshikilia mabamba pamoja. Haiko katikati hasa: kipande cha mbele ni kifupi kuliko cha nyuma. Ikigeuzwa, ekseli itahama na gurudumu halitakaa katikati ya madigadi. Kichwa cha bolti hiyo lazima kiingie kwenye tundu la kiti cha ekseli. Kisipoingia, ukakaza yubolti kwa nguvu, utakuwa umeibana ekseli ikiwa imepinda, na gari litakwenda upande kama kaa.

Ingiza bolti ya mbele, nati ikae kwa vidole tu. Fanya vivyo hivyo kwa shako. Inua ekseli ikutane na springi, funga yubolti kwa kupokezana, pembe hii kisha inayotazamana nayo, kidogo kidogo, hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Funga shoki, rudisha tairi, shusha gari.

Sasa ndipo penye siri ya kazi nzima. Bolti za macho na za shako zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake, baada ya kulisukuma na kulitikisa. Mpira wa bushi hushikana na chuma pale unapokaza. Ukikaza gari likiwa hewani, bushi inakuwa imeshikwa katika mkao wa kuning'inia. Ukilishusha, inasokoteka na kubaki imesokotwa maisha yake yote. Gari litakaa juu kuliko inavyopaswa kwa wiki chache, mwenye gari atafurahi, kisha mpira utachanika na gari lishuke. Springi itasingiziwa kuwa feki.

Koili za mbele

Koili iliyobanwa inastahili kuogopwa. Chukua koili inayohitaji kilo 5 kushuka milimita 1. Ukiibana milimita 100, umeshika nguvu ya kilo 500 mbele ya uso wako. Vile vibano viwili vya kulabu vinavyotumika kwa springi za Toyota havifai kwenye Mustang. Haviingii ndani ya mnara, na vikilazimishwa huteleza. Kinachohitajika ni kibano cha ndani: fimbo moja nene yenye nyuzi inayopita katikati ya koili, mahali pa shoki. Paka nyuzi zake grisi kabla ya kila matumizi, na usikizungushe kwa bunduki ya upepo.

Gari likiwa juu ya stendi chini ya fremu na tairi limetoka, fungua nati 2 za shoki kwa chini, kisha kibati chake cha juu kilichofungwa kwa nati 3 juu ya mnara, uitoe shoki kwa juu. Ingiza kibano, bana hadi koili icheze kwenye kiti chake. Fungua nati mbili za mkono wa juu, ambazo ziko upande wa injini, uvute mkono nje. Kwenye Mustang za 1965 na 1966 utakuta vibati vyembamba kati ya mkono na mnara. Vihesabu na uviweke kwenye mifuko miwili tofauti, mbele na nyuma, kwa sababu ndivyo vinavyopanga mkao wa tairi. Legeza kibano taratibu mpaka koili iwe huru, ndipo uitoe.

Kabla ya kuweka mpya, kagua kiti cha koili juu ya mkono. Kinapaswa kubembea. Kikiwa kimeganda kwa kutu, mwendo utakuwa wa kukakamaa hata kwa springi nzuri. Weka mpira mpya juu ya koili, ushike kwa utepe usidondoke, na uhakikishe ncha ya chini ya koili imegusa au imekaribia kabisa kizuizi kilicho kwenye kiti. Koili iliyokaa mbali na kizuizi hicho itajizungusha yenyewe barabarani, na kona hiyo itashuka ghafla siku moja.

Kwa Camaro na Chevelle njia ni tofauti. Mkono wa chini hushushwa kwa jeki baada ya kuachanisha boli jointi (kiungo cha mpira wa chuma kwenye ncha ya mkono), na nati yake huachwa kwenye nyuzi chache mpaka mzigo utulie. Pitisha mnyororo ndani ya koili na kuufunga kwenye fremu. Ikichomoka, isiende mbali.

Baada ya kazi

Urefu ukibadilika, mkao wa tairi umebadilika, kwa hiyo alaimenti si hiari. Mashine nyingi hufuata vipimo vya kiwandani, na vile vya miaka ya 1960 viliandikwa kwa tairi za zamani. Kwa tairi za kisasa za radiali, wengi hulala kwenye nusu digrii ya tairi kuinamia ndani kwa juu, digrii 2 hadi 3 za ekseli ya usukani kulalia nyuma, na milimita 3 za tairi kutazamana kwa mbele. Mpe fundi namba hizo zikiwa zimeandikwa.

Baada ya kilomita 100, kaza tena yubolti. Paka mabamba mafuta mazito ya kuzuia kutu, hasa kati ya ncha zake, na osha chini ya gari kila unapotoka kando ya bahari. Tumia maji ya mfereji au ya mvua. Visima vingi vya kisiwani na ukanda wa pwani vina maji ya chumvi, na anayeoshea gari maji ya kisima kila Jumapili anailisha kutu.

Springi mpya hutulia milimita kadhaa katika kilomita 500 za mwanzo. Zikitimia, pima zile namba nne tena, kwenye sakafu ileile na tangi likiwa nusu vilevile. Upande mmoja ukiwa umeshuka kuliko mwenzake kwa zaidi ya milimita 10, legeza bolti za macho na shako za upande huo gari likiwa limesimama chini, litikise, ukaze upya, ndipo upime tena kabla ya kumpigia simu aliyekuuzia.